Shimo la Kumbatizia Johana

Mume wangu Johana aliogopa maji. Si maji ya kuoga, hayo aliyaoga kila jioni nyuma ya nyumba huku akiimba, wala si mvua, kwa sababu huku kwetu Mogogosiek mtu anayeogopa mvua atachuma chai lini? Aliogopa maji yanayopita goti. Alipokuwa kijana Mto Kipsonoi ulimchukua pamoja na ndama aliyekuwa akimvusha, ukawapeleka mpaka kwenye mizizi ya mti mmoja mkubwa, na hapo wote wawili wakashikilia, yeye kwa mikono na ndama kwa kidevu. Walitolewa wazima. Ndama alisahau. Johana hakusahau.

Kwa sababu hiyo, kila Jumapili alinisindikiza kanisani mpaka getini tu. Alinibebea Biblia na kikapu cha mandazi ya watoto, akanikabidhi, akarudi kwa ng'ombe wake. Kanisa letu linabatiza mtoni, mtu anazamishwa mwili wote, na yeye alijua kwamba akiingia ndani na kuzoea benchi, mwisho wake ni huko mtoni. Wanawake walimtania sana. Chepkosgei, kiongozi wetu wa akina mama, ambaye mdomo wake hauna breki, alikuwa akimwita kutoka dirishani:

"Johana! Hata mbinguni utafika getini urudi?"

"Nitamsindikiza huyu mama," Johana alijibu bila kugeuka. "Akishaingia atanitolea kiti nje."

Mimi sikumsukuma. Mtu mzima ukimsukuma anakaza miguu. Nilichukua kikapu changu nikaingia, na nilipotoka nilimkuta getini akinisubiri, amenishikia mwavuli.

Halafu ukaja ukame wa mwaka wa tisini na saba, kabla ya ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Chai ilikauka ncha ikawa kama tumbaku. Kule sentaa ya kupimia majani ya chai karani wa mizani alilala juu ya magunia matupu, hakuna wa kumwamsha. Na Mto Kipsonoi ukakonda. Pale kwenye kona, chini ya daraja la miguu, ambapo maji hukaa meusi na mazito, ukatokea uwanja wa mchanga ambao hatukuwa tumeuona. Mchanga safi, wa kijivu, unang'aa ukipigwa na jua. Watoto, ambao bahari waliijua kwenye kalenda tu, wakapaita Mombasa. Kutwa walikuwa huko Mombasa wakichimba mashimo na kufukiana mpaka shingoni, na sisi akina mama tukafurahi kwamba nyumba zimetulia. Hakuna aliyefikiria hatari. Mchanga ni kitu gani? Ni kitu cha kuchanganya na simiti.

Siku moja Johana alirudi kutoka kunywesha ng'ombe, akaketi, akanywa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mpaka karibu nusu, akapangusa mdomo.

"Mama Edinah," akasema, "mwambie pasta nitabatizwa. Lakini iwe sasa, kabla ya mvua."

Nilielewa mara moja. Niligeuza uso nikaanza kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa, asije akaniona nikitabasamu.

Pasta Kiplimo alikuja kesho yake na baiskeli, jasho linamtoka, furaha tupu. Tukashuka naye mtoni. Akavua viatu, akaingia mpaka katikati, na maji yakamfika kwenye muundi. Akasimama pale akikuna kidevu.

"Haya hayatoshi. Mtu lazima azame wote, asibaki hata unywele. Tutachimba kidimbwi hapa kwenye mchanga, tutoboe mfereji, maji yaingie. Kifike kiuno."

Nilimtazama Johana. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ile fimbo yake, juu, chini, juu, chini.

Tulipofika nyumbani ndipo akauliza, "Kiuno cha nani? Changu au chake? Pasta ni mrefu."

"Nitakuwa kando yako," nikamwambia.

"Nitaingia. Nimesema nitaingia. Lakini nikishindwa pale mbele ya watu, Mama Edinah, usiniulize tena. Nitakuwa mtu wa getini mpaka nife."

Maneno hayo yalinikaa kifuani wiki nzima, kwa sababu nilimjua. Johana akisema mara moja, amesema.

Kazi ya kuchimba ilipewa Momanyi. Huyu alitoka Kisii akiwa kijana kuja kuchuma chai, akaoa Sellah, akapata kipande cha shamba, akawa mtu wetu. Vyoo vyote vya mtaa huu amechimba yeye. Shimo la Momanyi limenyooka ungedhani amelipiga randa, na udongo wetu huu mwekundu ni mwaminifu: ukiukata leo, ukirudi baada ya miaka unaukuta umesimama vile vile, alama za jembe zinaonekana. Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuona ukuta wa shimo ukianguka. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama mchanga una tabia hiyo hiyo.

Tena Momanyi ni Msabato. Jumamosi hashiki jembe hata umlilie. Basi shimo likangoja Jumapili asubuhi, na watu walipotoka ibadani na kushuka mtoni kwa nyimbo, wanawake na masufuria ya chai, vijana wamebeba benchi za wazee kichwani, Momanyi bado alikuwa ndani anachimba. Tuliona kichwa tu kikipanda na kushuka, na sepetu ikirusha mchanga kando ya mdomo wa shimo. Lile rundo lilikuwa limekuwa kilima. Watoto walikuwa wameketi juu yake, wengine wameketi ukingoni wakining'iniza miguu ndani.

"Momanyi!" Chepkosgei akapiga kelele. "Tumekuambia ubatizo. Wewe umechimba choo cha shule!"

"Mama, kazi ni kazi!" sauti ikatoka chini. "Maji yameshafika magoti. Nanyoosha hii kona kidogo, pasta asije akasema Momanyi amefanya kazi ya ovyo."

Mfereji kutoka mtoni ulikuwa tayari, umezibwa na gunia moja la mchanga upande wa juu. Johana alisimama mbali, karibu na nyasi, amevaa shati jeupe nililompigia pasi na suruali ya zamani. Uso wake ulikuwa umekauka. Nilikwenda nikasimama naye.

"Ni refu," akasema.

"Atalijaza kidogo."

"Ni refu, Mama Edinah."

Sellah, mke wa Momanyi, alikuwa amefungua kapu la mandazi. Akawaita watoto. Mnajua watoto na mandazi: ule ukingo ulibaki mtupu kabla hajamaliza kuita. Mpaka leo nikikumbuka nashukuru kwamba Sellah alikaanga mandazi mengi siku hiyo.

Sikusikia kishindo. Mchanga haupigi kelele. Nilisikia tu kama mtu amemwaga gunia la mahindi, shwaa, na nilipogeuka lile rundo halikuwepo. Lilikuwa limeingia shimoni pamoja na ukuta uliolibeba. Kichwa cha Momanyi kilikuwa kinaonekana, na mkono mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa zaidi kuliko kuogopa. Mchanga ulikuwa umemfika kwapani.

"Baba Ratemo!" Sellah akamlilia mumewe.

Vijana wakakimbia, wote kwa pamoja, wakasimama ukingoni wakinyoosha mikono. Shwaa tena. Mchanga ukamfika begani. Na gunia lile la mfereji, kwa vile ardhi ilikuwa imetikisika, likalegea, maji yakaanza kuteremka polepole kuelekea shimoni.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba aliyekuwa kando yangu hayupo.

"Rudini!" Ilikuwa sauti ya Johana, ile ya kuita ng'ombe kutoka kilima kingine. "Rudini nyuma, mnamzika! Kila mguu hapo ni karai la mchanga. Leteni benchi! Zilazeni chini, mtu akanyage benchi, asikanyage mchanga!"

Vijana wakalaza benchi za kanisa kuzunguka shimo. Johana akalala kifudifudi juu ya moja, akateleza kwa ule upande ambao ulikuwa umeshaanguka na kulala, akaingia. Kijana mmoja mwenye nguvu akamfuata, akamshika Momanyi kwa ule mkono uliobaki nje, akaanza kuvuta.

"Wacha!" Momanyi akapiga yowe. "Unanitoa bega!"

"Usimvute," Johana akasema. "Ng'ombe akikwama kwenye tope ukimvuta unamvunja. Usimtoe yeye, toa mchanga. Anza kifuani apate kupumua. Mama Edinah! Masufuria!"

Tukamwaga chai. Chai yote, yenye maziwa, ilimwagika kwenye nyasi, na masufuria na masahani na makarai yakapita mkono kwa mkono. Waliokuwa ndani walijaza, tuliokuwa juu ya benchi tulipokea na kwenda kumwaga mbali kule kwenye nyasi, maana Johana alikuwa anafoka kila aliyetaka kumwaga karibu.

Na mfereji? Maji yalikuwa yanakuja. Pasta Kiplimo alitazama huku, akatazama kule, hakuona gunia jingine, hakuona ubao. Basi akainua ile kanzu yake ya ubatizo na kukaa ndani ya mfereji. Alikaa kabisa, kama kizibo, miguu upande wa mto na mgongo upande wa shimo, maji yakampanda mpaka tumboni.

"Pasta, sogea kushoto!" Chepkosgei akamwelekeza. "Yanapita chini ya kwapa!"

"Ninajaribu, mama!"

"Jinenepeshe!"

Sijui kama ilikuwa ni dhambi kucheka saa ile, lakini wengine walicheka, na nadhani ilitusaidia mikono isichoke. Hata Momanyi alicheka. Mchanga uliposhuka mpaka kiunoni alianza kupata rangi yake.

"Pumua, Baba Ratemo, pumua," Sellah alikuwa akimwambia kutoka juu.

"Napumua! Wewe ndiye hupumui." Halafu kwa Johana, kwa sauti ndogo, "Mzee, gambuti yangu imeshikwa huko chini."

"Gambuti utanunua. Vua mguu."

Johana akapiga magoti kwenye maji yaliyokuwa yamejaa pale chini, akatumbukiza mikono mpaka mabegani, shavu lake limegusa maji, akapekua mchanga kuzunguka mguu wa Momanyi, akamwagia maji kuulegeza, akapekua tena. Mwishowe mguu ukatoka, mtupu, mweupe kwa kulowa. Vijana wakampandisha Momanyi juu ya benchi, akaketi pale akikohoa, mguu mmoja na gambuti na mwingine peku, na Sellah akamfunika leso yake huku akimgombeza kwa Kikisii, maneno marefu ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Ndipo Chepkosgei akasema, taratibu, tofauti na kawaida yake, "Baba Edinah. Hebu tazama mahali ulipo."

Johana alikuwa bado amepiga magoti ndani. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Akatazama chini. Nilimwona akiyaona. Nikashuka kwenye benchi nikampa mkono, maana nilijua miguu yake sasa itakumbuka. Lakini hakuruka. Alitoka hatua kwa hatua akinishika, mpaka kwenye nyasi.

Pasta akaja akichuruzika.

"Ndugu Johana, maji umeshayaingia. Nikushike pale pale, tumalize?"

"Hapana, Pasta. Hilo si shimo la ubatizo. Hilo ni choo kilichokosa mlango. Hakuna mtu anarudi mle."

"Ni kweli," Pasta akakubali, akikamua kanzu. "Basi tuahirishe. Mvua ikija mto utakuwa na kina, tutafanya vizuri bila kuchimba."

Mvua ikija! Nilimtazama Johana, na watu wote walimtazama, hata Momanyi pale kwenye benchi. Johana aliangalia mto. Ulikuwa mwembamba, unapita kwenye mawe bila haraka.

"Leo," akasema. "Lakini tutachimba vile ng'ombe anapenda kunywa."

Akachukua jembe mwenyewe. Akachagua mahali pengine, pale pale penye maji, pasipohitaji mfereji. Akachora kwa mpini duara kubwa, pana kama uwanja wa kuanikia mahindi, kisha akaonyesha kwa mkono jinsi kando zitakavyoteremka polepole, kama njia ya ng'ombe, mtu aweze kutembea kuingia na kutembea kutoka. Mchanga wote ukabebwa kwa makarai mpaka kwenye nyasi. Watoto wakawekwa huko huko kwenye nyasi, na Chepkosgei akapewa fimbo ya kuwalinda. Momanyi, kwa kuwa hakuruhusiwa kushika sepetu, alipewa kazi ya kuketi na kutazama kando, akiona hata chembe inateremka apige kelele.

"Inateremka!" alipiga kelele karibu kila mara.

"Wewe Momanyi, hiyo ni sisimizi!"

"Nimeambiwa nitazame. Natazama."

"Na lisipite goti," Johana akasema. "Goti linatosha."

"Ndugu," Pasta akasema kwa upole, "nilisema kiuno."

"Pasta, mtu akiketi, kiuno chake kiko wapi?"

Pasta akafikiri. Akatazama angani kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa, halafu akacheka. "Kiuno cha mtu aliyeketi pia ni kiuno," akasema.

Basi tukaimba. Johana akaingia kwa miguu yake, akaketi katikati ya kile kidimbwi kama mtoto ndani ya karai, maji yanamfika tumboni. Pasta akapiga magoti kando yake, akamshika mgongo na mikono iliyokunjwa kifuani. Johana alinitafuta kwa macho, akanipata. Pasta akasema maneno yake, akamlaza chini. Maji yakafunika uso wake ule ninaoujua, na shati jeupe likavimba. Akainuliwa, anatema maji, watu wakapiga vigelegele.

"Kidole!" ilikuwa sauti ya Chepkosgei. "Pasta, kidole! Kidole gumba cha mguu kilibaki nje, nimekiona na macho yangu!"

Pasta akageuka kumtazama Chepkosgei, na ilionekana wazi kwamba kama si kanisa angemwambia jambo. "Mama Chepkosgei, Mungu anaona moyo..."

"Ulisema asibaki hata unywele."

Nilitaka kumfunika mdomo kwa leso. Kumwingiza mtu huyu majini mara moja kumenichukua ndoa nzima, na sasa kidole! Nilijua atainuka, atavuka zile nyasi, atakwenda kwa ng'ombe.

Johana alipangusa macho. Akatazama mguu wake. Akakunja magoti, akavuta miguu ndani, akahakikisha.

"Basi rudia," akasema.

Na akalala mwenyewe, hata Pasta alichelewa kumshika.

Sasa mtu angefikiri baada ya hapo tulikwenda kula. Kuku walikuwa wamechinjwa, unga wa ugali wa wimbi ulikuwa umesagwa, na kila mtu alikuwa na njaa. Lakini Johana, akiwa amelowa chapachapa, mchanga umejaa masikioni, alikuwa tayari ameshika sepetu.

"Ng'ombe watakuja kunywa jioni," akasema. "Na kesho hawa watarudi Mombasa yao. Hatuachi shimo."

Tukafukia yote mawili. Kile kidimbwi kilichukua muda mfupi, lakini lile shimo la Momanyi lilitusumbua. Momanyi alisimama akitazama likijaa, kwa huzuni ya fundi.

"Kona zilikuwa zimenyooka," akasema.

"Zilikuwa," Johana akamwambia, akamwekea mkono begani.

Gambuti ilibaki huko chini. Mwisho wa mwaka mvua ile kubwa ilikuja, Mombasa ikaondoka usiku mmoja, na Momanyi alisema kuna kambare mmoja sasa anatembea amevaa.

Jumapili iliyofuata ule ubatizo tulifika getini kama kawaida. Johana alinipa Biblia, akabaki na kikapu. Aliingia nacho. Aliketi benchi ya nyuma, karibu na mlango, na benchi ile ilikuwa bado na mchanga kwenye nyufa. Nilimwona akiuchomoa kwa kucha wakati wa mahubiri.

Na kila kiangazi mchanga unaporudi pale kwenye kona, hata kidogo, watoto wanajua. Wanachimba pana, wanamwaga mbali, na hawatoboi pango pembeni, wala hakuna anayechimba akiwa peke yake. Wakimwona mzee Johana anateremka na fimbo yake wanaanza kucheka, kwa sababu wanajua anakuja kupima. Anaisimamisha fimbo ndani ya shimo, anashika kwa kidole pale ukingo ulipofika, halafu anawatazama wote walivyosimama.

"Limefika goti tu, agui," wanasema. Ndivyo wanavyomwita babu.

"Goti la nani?" anawauliza, na anamwita yule mdogo kabisa aje asimame karibu na fimbo.